Kwa nini wachezaji wa timu za taifa hugoma mashindano yakiwa yamekwisha anza

Kila fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zinapokaribia, mashabiki wa kandanda katika ukanda wetu hujadili jambo moja kwanza: nani ameitwa kikosini na nani ameachwa. Mara nyingi, kabla mashindano hayajafika mwisho, huzuka jambo la pili: wachezaji wamekataa kufanya mazoezi kwa sababu ya fedha. Wengi huyatazama mambo haya kama yasiyohusiana. La kwanza huonekana kuwa kazi ya kocha, na la pili ugomvi wa watu waliosahau bendera. Kwa hakika yamefungamana. Anayeelewa jinsi kikosi cha taifa kinavyoteuliwa na kusajiliwa ataelewa pia kwa nini mgomo huja siku ileile ambayo shabiki asingependa kuusikia.

Uganda nchini Misri, 2019

Mfano ulio karibu nasi ni wa Uganda katika fainali za mwaka 2019 zilizofanyika Misri. Timu hiyo, inayojulikana kwa jina la Cranes, ilianza kwa kishindo. Juni 22 iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mabao 2-0 yaliyopachikwa na Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika fainali hizo tangu 1978, mwaka ambao ilifika mchezo wa mwisho na kushindwa na Ghana. Baadaye ilitoka sare ya 1-1 na Zimbabwe, ikafungwa 2-0 na wenyeji Misri, na hata hivyo ikavuka hatua ya makundi.

Siku chache kabla ya mchezo wa 16 bora dhidi ya Senegal, wachezaji hawakutokea mazoezini. Waliwaeleza wananchi kwamba wamesimamisha mazoezi kwa sababu fedha walizoahidiwa hazijalipwa. Shirikisho la kandanda la Uganda, FUFA, lilijibu kwamba limekwisha kulipa kila kilichomo katika kanuni ambazo wachezaji walizitia saini kabla ya mashindano, na kwamba madai mapya yalikuwa nje ya makubaliano hayo. Mazungumzo yalifanyika, pande mbili zikaelewana, na wachezaji wakarejea uwanjani.

Julai 5 mjini Cairo, Uganda ilifungwa bao 1-0 na Senegal. Sadio Mané ndiye aliyefunga, lakini nahodha na mlinda lango Denis Onyango aliupangua mkwaju wa penalti wa Mané huyohuyo katika kipindi cha pili. Uganda ilitolewa, ila ilikuwa vigumu kudai kwamba vijana hao walicheza bila moyo.

Mgogoro huo haukuwa wa Uganda peke yake. Katika kundi hilohilo, wachezaji wa Zimbabwe walivutana na shirikisho lao kuhusu malipo hata kabla ya mchezo wa ufunguzi dhidi ya Misri. Mgogoro unaojirudia katika nchi mbalimbali, chini ya viongozi mbalimbali, hauwezi kuelezwa kwa tabia ya wachezaji wachache tu. Lazima utafutwe katika mpangilio wa kazi yenyewe.

Mchezaji wa taifa ni mwajiriwa wa nani?

Mchezaji wa kulipwa ana mkataba na klabu yake. Klabu humlipa mshahara wa kila mwezi, na kanuni za Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, zinamlinda. Tangu 2018, klabu isiyolipa mishahara ya miezi miwili bila sababu halali inaweza kupewa notisi ya siku 15, na ikiwa bado haijalipa, mchezaji ana haki ya kuvunja mkataba na kutafuta klabu nyingine.

Kwa timu ya taifa, hali ni tofauti kabisa. Kwa kawaida mchezaji hana mkataba wa ajira na shirikisho la nchi yake. Anaitwa, na akiitwa anapaswa kwenda. Klabu inalazimika kumwachilia katika vipindi vilivyowekwa na FIFA, nayo ndiyo inayoendelea kumlipa mshahara wakati akiwa huko. Akikataa wito bila ruhusa, kanuni zinamzuia kuichezea klabu yake kwa muda wote wa kipindi hicho na siku tano zaidi. Kwa hiyo wajibu wa mchezaji kwa taifa umeandikwa waziwazi, lakini malipo yake yameachwa kwa kila shirikisho kuamua.

Malipo hayo kwa kawaida huwa ya aina tatu. Ya kwanza ni posho ya kila siku ya kambini. Ya pili ni bonasi ya matokeo, yaani kiasi fulani kwa ushindi na pengine kwa sare. Ya tatu ni sehemu ya fedha za zawadi ambazo shirikisho hupata kwa timu kufuzu au kufika hatua fulani. Fedha hizo si ndogo. Bingwa wa Afrika wa mwaka 2019 alizawadiwa dola milioni 4.5 za Marekani, na Côte d'Ivoire iliyotwaa ubingwa Februari 2024 ilipata dola milioni 7. Fedha hizo hulipwa kwa shirikisho, wala hazipiti mikononi mwa wachezaji. Kiasi gani kinawafikia, na lini, hutegemea makubaliano ya ndani, ambayo mara nyingi umma hauyaoni.

Orodha ya kikosi ndiyo inayopanga saa ya mgomo

Hapa ndipo suala la uteuzi linapoingia. Kabla ya mashindano, kocha huita wachezaji wengi, kisha huwapunguza hadi kufikia idadi inayoruhusiwa. Mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa 23. Katika wiki hizo za mchujo, mchezaji mmoja mmoja hana nguvu yoyote. Anayeuliza kwa sauti kuhusu bonasi anajua kwamba nyuma yake wapo wengine watatu wanaoitamani nafasi yake, na kwamba anayeachwa hahitaji kupewa sababu. Kocha anaweza kusema ni suala la kiufundi, na hakuna baraza la kazi litakalomsikiliza mlalamikaji.

Orodha ya mwisho ikishawasilishwa kwa waandaaji, mizani hugeuka. Kwa kawaida mchezaji aliyesajiliwa hawezi kubadilishwa isipokuwa kwa jeraha kubwa au ugonjwa, na kabla ya mchezo wa kwanza wa timu. Baada ya hapo shirikisho halina njia ya kuleta watu wengine. Waliomo ndio hao hao, na mchezo uko keshokutwa. Huo ndio wakati pekee ambao mchezaji wa taifa ana uzito wa kusikilizwa.

Na mashindano yakiisha, uzito huo hutoweka tena. Desemba 2016 timu ya wanawake ya Nigeria, Super Falcons, ilitwaa ubingwa wa Afrika nchini Cameroon. Mabingwa hao waliporejea Abuja, walikaa hotelini kwa siku nyingi wakikataa kuondoka mpaka walipwe, wakafikia hadi kuandamana barabarani. Walikuwa wamefanya kile ambacho shabiki huwataka wachezaji wote wafanye: cheza kwanza, dai baadaye. Matokeo yake ni kwamba kombe walilo nalo, lakini fedha zao iliwabidi wazipiganie barabarani.

Gharama ya kusema

Haina maana kwamba kugoma baada ya kusajiliwa hakuna hatari. Katika Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil, wachezaji wa Ghana walidai bonasi yao ilipwe kwa fedha taslimu. Serikali ya Rais John Mahama ilituma zaidi ya dola milioni 3 kwa ndege hadi Brazil, na picha za mgawo huo zikaenea duniani. Juni 26, siku ya mchezo wa mwisho wa kundi dhidi ya Ureno, shirikisho lilitangaza kuwafukuza kambini Sulley Muntari na Kevin-Prince Boateng kwa makosa ya nidhamu. Ghana ilifungwa 2-1 na kutolewa.

Shabiki aliyekuwa akijiuliza kwa nini mchezaji mzoefu kama Boateng hakuwamo siku hiyo hakuweza kupata jibu kwenye ubao wa mbinu. Jibu lilikuwa katika hali ya kambi iliyovurugika kwa wiki nzima.

Funzo la Leopards wa 1974

Kwa wasikilizaji walio na jamaa upande wa Kongo, simulizi ya zamani zaidi inaeleza mambo haya kuliko zote. Machi 1974, Leopards wa Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo, walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, rekodi ya fainali moja ambayo haijavunjwa. Rais Mobutu Sese Seko aliwapa wachezaji nyumba na magari. Miezi mitatu baadaye, timu hiyohiyo ilikuwa Ujerumani Magharibi, ikiwa ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Walifungwa 2-0 na Scotland katika mchezo ambao hawakudhalilika. Kisha, kwa mujibu wa maelezo ambayo wachezaji wenyewe waliyatoa miaka ya baadaye, waligundua kwamba fedha zao hazitawafikia. Walifikiria kutocheza dhidi ya Yugoslavia. Mwishowe waliingia uwanjani Gelsenkirchen Juni 18, wakafungwa 9-0.

Mchezo huo una uamuzi wa uteuzi ambao bado unajadiliwa. Zaire ikiwa nyuma kwa mabao matatu, na nusu saa haijatimia, kocha Blagoja Vidinić alimtoa mlinda lango mahiri Mwamba Kazadi na kumwingiza Dimbi Tubilandu. Kwa kuwa Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia, minong'ono haikukosekana. Yapo pia maelezo kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa ofisa wa serikali na si kwa kocha. Vyovyote iwavyo, shabiki aliyemlaumu mlinda lango wa akiba kwa mabao yaliyofuata hakuona kwamba timu ilikuwa imevunjika kabla ya filimbi ya kwanza.

Siku nne baadaye, dhidi ya Brazil, beki Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu ndogo kabla Wabrazil hawajaupiga. Dunia ilicheka, na kwa miaka mingi tukio hilo lilitumiwa kama ushahidi kwamba Waafrika hawajui kanuni za mchezo. Mwepu alikuja kueleza kwamba alizijua vizuri. Alisema alitaka kuonyesha hasira yake kwa viongozi, na kwamba baada ya kipigo cha Yugoslavia timu ilitishiwa isithubutu kufungwa mabao manne na Brazil. Zaire ilifungwa 3-0.

Ni vyema kuyaweka mambo mawili ya mwaka huo bega kwa bega. Machi, wachezaji walipewa nyumba. Juni, waliambiwa posho hakuna. Hakuna ukinzani hapo. Nyumba ilikuwa zawadi ya mkuu wa nchi, na atoaye zawadi hutoa anapopenda. Posho ilikuwa haki, na haki isiyo na maandishi wala mtetezi huwa nyepesi kupotea.

Hoja za shabiki, na uzito wake

Shabiki anayechukizwa na migomo ana hoja zake, nazo hazipaswi kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni uzalendo: kuvaa jezi ya taifa ni heshima isiyopimwa kwa fedha. Ni kweli kwamba heshima hiyo ni kubwa. Lakini mwalimu na mwanajeshi nao wanalitumikia taifa, na hakuna anayewaambia kwamba heshima inatosha badala ya mshahara. Zaidi ya hayo, kila mwingine aliye kwenye msafara, tangu kocha hadi daktari na ofisa wa habari, analipwa.

Hoja ya pili ni kwamba wachezaji wanaocheza ng'ambo ni matajiri. Wapo walio matajiri, lakini si wote kikosini. Katika Uganda ya 2019, Onyango alikuwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na Okwi alikuwa Simba ya Dar es Salaam, ilhali Kaddu, aliyefunga bao la kwanza dhidi ya Kongo, alikuwa akichezea KCCA ya Kampala. Kwa mchezaji wa ligi ya nyumbani, bonasi ya mashindano inaweza kuzidi kipato chake cha klabu kwa muda mrefu. Wanaotoka nje mara nyingi ndio wanaosimama mbele kuzungumza kwa sababu hawategemei sana fedha hizo, na kwa sababu hiyo wanaogopa kidogo kuachwa.

Hoja ya tatu ni kwamba mgomo huharibu matokeo. Ushahidi hapa umegawanyika. Cameroon ilichelewa kupanda ndege kwenda Brazil mwaka 2014 kwa sababu ya bonasi, ikapoteza michezo yake yote mitatu. Kwa upande mwingine, Januari 2017 Leopards wa Kongo waligomea mazoezi nchini Gabon siku chache kabla ya mchezo wao wa kwanza, kisha wakaifunga Morocco 1-0 na kufika robo fainali. Novemba 2025 Nigeria iligomea mazoezi mjini Rabat ikidai malimbikizo, ikalipatia ufumbuzi suala hilo, ikaifunga Gabon 4-1 baada ya muda wa nyongeza, kabla ya kushindwa na Kongo kwa penalti siku tatu baadaye. Kinachoonekana kuumiza timu zaidi ya mgomo wenyewe ni mgogoro unaoachwa bila kutatuliwa.

Hoja ya nne ndiyo yenye nguvu zaidi: aliyetia saini makubaliano hapaswi kuyafungua tena timu ikishaanza kushinda. FUFA ilisimama juu ya hoja hiyo, na shabiki anayeiunga mkono yuko katika haki. Lakini makubaliano yanayoheshimiwa huhitaji pande mbili zenye uhuru wa kukataa. Karatasi inayotiwa saini kambini, wakati orodha ya mwisho haijatangazwa, na bila wakili wala chama cha wachezaji kuwepo, huwa na saini nyingi na ridhaa kidogo.

Zawadi si stahiki

Katika ukanda wetu imezoeleka viongozi kuingia kati kwa ukarimu. Baada ya fainali za 2019, Rais Yoweri Museveni alitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa Cranes. Tanzania ina ahadi iliyopewa jina la "Goli la Mama", ambapo mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Agosti 2025, Rais William Ruto wa Kenya aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila ushindi katika hatua ya makundi ya CHAN, na shilingi 500,000 kwa sare.

Ahadi hizo huwapa vijana hamasa, na mashabiki huzishangilia. Hata hivyo, zina upande wa pili. Hupandisha matarajio kwa siku moja, hutegemea utashi wa mtu, na huweza kulifanya shirikisho lilegee katika kupanga bajeti kwa matumaini kwamba serikali italipa. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini deni lisilo na tarehe wala mdhamini ni gumu kulidai.

Njia zilizokwisha jaribiwa

Yapo mataifa yaliyopata njia nyingine. Mwaka 2022 nchini Marekani, vyama vya wachezaji wa kiume na wa kike vilitia saini mikataba ya pamoja na shirikisho lao, ikiwemo kugawana fedha za zawadi za Kombe la Dunia kwa usawa. Kiwango kilijulikana kabla kocha hajamwita mtu hata mmoja. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, FIFA yenyewe ilitangaza kima cha chini cha dola 30,000 kwa kila mchezaji. Fedha zilipita kwenye mashirikisho, hivyo hofu ya ucheleweshaji haikuondoka, lakini kwa mara ya kwanza kila mchezaji alijua kiasi anachostahili.

Katika Afrika Mashariki, vyama vya wachezaji vipo, kama vile KEFWA nchini Kenya na SPUTANZA nchini Tanzania. Vikipewa kiti mezani, viwango vya posho na bonasi vinaweza kukubaliwa mapema na kuandikwa. Makubaliano hayo yangetaja pia tarehe ya malipo, na nani atakayeamua pande zikitofautiana. Kisha yangetangazwa kwa umma kabla ya kikosi cha awali kuitwa. Kwa utaratibu huo, anayezungumzia malipo hawezi kushukiwa kwamba ameachwa kwa sababu ya ulimi wake, wala shirikisho haliwezi kushtukizwa siku mbili kabla ya mchezo.

Shabiki hana kura katika uteuzi wa kikosi wala katika mgawo wa fedha, ila ana sauti, na sauti hiyo husikika zaidi wakati majina yanapotangazwa. Siku hiyo, pamoja na kuuliza kwa nini mshambuliaji fulani ameachwa, anaweza kuuliza pia kama walioitwa wanajua watalipwa nini na lini. Swali hilo likijibiwa mwanzoni, timu itakuwa na sababu moja pungufu ya kukosa mazoezi kabla ya mchezo mkubwa.